Mia Nne Arobaini na Saba

Bergen, Februari, mvua siku ya thelathini na moja,
na Ragnvald Tveiten kaandika namba ukutani kwa chaki:
mia na kumi.
"Huu ni wembe," akasema. "Utawatenga majirani."
Kweli uliwatenga. Kilohezi tisa ndani ya mia na kumi
ni upana wa kiganja; hata gizani ungeupapasa mpaka.
Mimi nilikuwa mwanagenzi wake, miaka kumi na saba,
kazi yangu kushika taa na kunyamaza.

Solfrid akavaa hedifoni. Ndiye aliyekuwa sikio la karakana.
Akageuza hadi mia tisa, kwenye kodiani,
akakunja uso.
"Kuna mchungaji humu ndani."
"Mchungaji gani?"
"Mjerumani. Anahubiri juu ya muziki wa dansi."

Ragnvald hakuhitaji karatasi. Oskileta iko elfu moja na kumi;
toa mia tisa, unapata mia na kumi.
Lakini chukua elfu moja mia moja na ishirini, toa elfu moja na kumi,
unapata vilevile.
Kutoa hakuulizi nani yuko juu, nani yuko chini.
Ukipima upana wa mto kwa kamba,
kamba haikuambii umesimama ng'ambo ipi.
Basi kila kituo kina pacha wake upande wa pili,
mgeni asiyebisha hodi,
na mlango wetu, koili moja nyembamba,
haukujua kumzuia mtu anayeishi karibu hivyo.

Wiki ya pili akapanda: elfu moja na mia sita.
Pacha akatupwa mbali,
mchungaji akaenda na mahubiri yake.
Tukashangilia mpaka saa nne.
Saa nne Solfrid akasema, "Sasa wote wanaongea pamoja."
Kilohezi tisa ndani ya elfu moja na mia sita ni uzi tu,
na chujio letu halikuwa na macho ya kuona uzi.
Umfukuze pacha, majirani wanajaa uani;
uwafungie majirani, pacha yumo sebuleni.

"Basi katikati," nikasema.
Ragnvald akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.
"Katikati wapi, kijana? Katikati si mahali. Ni ugomvi."

Tukajaribu mia nne sitini.
Meli zikaingia. Popote ulipopeleka mshale,
ti-ti-taa, ti-taa, nahodha fulani anaagiza makaa,
kwa kuwa wao waliishi humohumo, chumba cha kati,
wala hawakungoja mlango ufunguliwe.
Mia nne hamsini na tano: maradufu yake mia tisa na kumi,
na mia tisa na nane ndiko kilikokaa kituo tulichokipenda,
kikapiga filimbi kama birika.

Solfrid ndiye aliyeshusha, robo duara kwa robo duara,
bisibisi ya mfupa mkononi,
macho kayafumba.
Mia nne arobaini na saba.
Maradufu: mia nane tisini na nne. Kimya.
Mara tatu: elfu moja mia tatu arobaini na moja. Kimya.
Akaiandika kwa penseli juu ya kopo la alumini,
akala mkate wake wa jibini ya kahawia,
hakusema neno.

Tuliuza redio mia mbili na kumi na mbili.
Watu walizinunua kwa uzuri wa mbao zake.

Theluji ya mwaka uliofuata ilipoyeyuka, mwanamke mmoja wa Laksevåg
akairudisha yake: "Inapiga mluzi, pale juu."
Kituo kipya, hatukujua cha nani,
kilikuwa kimehamia elfu moja mia tatu na arobaini.
Ragnvald akainama, akasikiliza muda mrefu.
"Filimbi haifi," akasema. "Unaihamishia mahali pasipo mtu,
kisha unaomba mtu asijenge."

Mama yule alikataa kurudishiwa pesa.
Kituo chenyewe, alisema, hata hakisikilizi.
Alitaka tu kujua kama kosa ni lake.